Umahiri wa mfumo wa afya

Mwaka 1999 baraza linaloidhinisha mafunzo ya madaktari bingwa Marekani lilitaja maeneo sita ya umahiri ambayo rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, hana budi kuyaonyesha kabla ya kuhitimu. Matano yanaeleweka upesi: kuhudumia mgonjwa, maarifa ya tiba, kujifunza kutokana na kazi yako, mawasiliano na maadili. La sita huwasumbua walimu: daktari ajue huduma inavyopangwa, inavyolipiwa na inavyomfikia mgonjwa.

Kwa Kiswahili naliita umahiri wa mfumo wa afya. Neno "umahiri" limezoeleka katika mitaala yetu. Tatizo liko kwenye "mfumo". Dirishani pa malipo ukiambiwa mfumo unasumbua, unajua ni kompyuta. Kwa hiyo "wa afya" isiachwe, la sivyo rezidenti atadhani anapelekwa kozi ya kompyuta.

Kuona kwa nini umahiri huu unahitajika, chukua mfano wa mama wa Mbagala mwenye presha ya macho. Anaanzia zahanati, anapewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, pengine Muhimbili. Anaandikiwa matone ya timololi, ya kila siku, maisha yote. Kichupa kikiisha na duka la dawa la mtaani halina, au nauli ya kliniki imekosekana, anakaa hivyohivyo. Jicho halimuumi, basi hana haraka. Na uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi tena. Rezidenti aliyempima vizuri na kumwandikia dawa sahihi atafaulu mtihani wake, huku mgonjwa amepofuka.

Mhadhara pekee hautoshi kufundisha jambo hili. Mpe rezidenti rufaa moja aifuatilie: nani aliiandika, mgonjwa alisubiri wapi, alilipa nini, na je, majibu yalirudi zahanati au yaliishia kwenye jalada? Muuguzi, mtaalamu wa miwani na mfamasia nao wamjazie fomu ya tathmini, maana ndio wanaomwona kazini kila siku. Kisha ahesabiwe ni wagonjwa wangapi kati ya wale aliowaanzishia matone wamerudi kliniki. Hesabu hiyo naiamini kuliko maswali ya kuchagua.

Walimu wa macho wa Muhimbili na KCMC, wapeni rezidenti wenu muda wa kufanya kazi mahali kama Mbagala, Temeke na Mwananyamala, na alama za huko ziingie kwenye matokeo yao ya mwisho.