Manjiferini

Manjiferini ni kemikali ya rangi ya manjano hafifu inayotengenezwa na mwembe (*Mangifera indica*). Hujaa kwenye magome, majani na kokwa. Nyama tamu ya embe ina kiasi kidogo tu. Mti wenyewe si wa asili katika misitu ya miombo ya Mkoa wa Katavi, Tanzania. Ulitoka Asia ya Kusini, na magharibi mwa Tanzania ulienea pamoja na misafara ya karne ya 19 iliyopita Tabora kwenda Ujiji. Leo ni mti wa kivuli na matunda katika nyua za Mpanda, makao makuu ya mkoa huo ulioanzishwa mwaka 2012.

Manjiferini imechunguzwa pia kuhusiana na mzio. Mtu mwenye mzio akikutana na kitu kinachomdhuru, kama vile chavua, kingamwili aina ya IgE huziamsha seli za kinga ziitwazo seli masti, nazo humwaga kemikali ya histamini: pua hutiririka, ngozi huwasha, kifua hubana. Mwaka 2006 watafiti wa Kuba, ambako dondoo ya magome ya mwembe hutengenezwa kwa jina la Vimang, walieleza kuwa manjiferini ilipunguza IgE katika panya na kuzuia seli masti zao kumwaga histamini. Hao ni panya; mgonjwa wa pumu hana sababu ya kuacha dawa yake ya kuvuta akategemea majani ya mwembe yaliyochemshwa.

Kikwazo kikubwa cha kuitumia manjiferini kama dawa kiko tumboni. Panya akimezeshwa manjiferini, takriban asilimia 1 tu hufika kwenye damu. Kemikali hii huyeyuka kwa shida katika maji na hupenya kwa shida ukuta wa utumbo mwembamba. Isitoshe, sehemu yake ya sukari, glukosi, imeshikizwa kwa kifungo cha kaboni kwa kaboni, ambacho vimeng'enya vya mmeng'enyo haviwezi kukikata. Sehemu kubwa hushuka hadi utumbo mpana, ambako baadhi ya bakteria huing'oa sukari hiyo na kubakiza norathirioli, molekuli ndogo inayopenya kwa urahisi zaidi. Huenda basi sehemu ya sifa za manjiferini ni kazi ya norathirioli. Maabara kadhaa zimejaribu kuifungasha manjiferini ndani ya mafuta ili ifyonzwe vizuri.

Mwembe huohuo huleta mzio. Utomvu unaochuruzika kikonyo kinapovunjwa una kemikali zilizo karibu na zile za ganda la korosho. Anayeathirika akimenya embe kwa meno, midomo huvimba na vipele hutoka, mara nyingi baada ya siku moja au mbili. Mzio huu huendeshwa na seli za kinga ziitwazo seli T, si IgE, hivyo majaribio ya Kuba kuhusu IgE na histamini hayaugusi.