Kila Mwendo Una Shabaha Yake



Leo twawaeleza mafundisho ya mwalimu mkuu wa Kanisa, Mtakatifu Thomas wa Aquino, aliyezaliwa Italia yapata mwaka 1225. Jamaa zake walikuwa watu wa cheo, hawakutaka awe mtawa fukara. Alipoingia shirika la Wadominiko mwaka 1244, ndugu zake walimkamata njiani, wakamfungia ngomeni muda wa mwaka mmoja hivi. Hakugeuka. Baadaye alisoma kwa Mtakatifu Albert Mkuu, akavichunguza vitabu vya Aristotle, mwenye hekima wa Ugiriki aliyeishi kabla ya Kristo. Wengine waliviogopa kwa kuwa viliandikwa na mpagani. Thomas alipokea yaliyo kweli, akayakataa yasiyopatana na imani.

Je, alifundisha nini juu ya mwendo? Kuni hazijiwashi, zawashwa na moto. Fimbo haijiendeshi, yaendeshwa na mkono. Kila kiendacho chaendeshwa na kingine, wala hatuwezi kurudi nyuma pasipo mwisho: lazima awepo Mwendeshaji wa kwanza, asiyeendeshwa na yeyote. Ndiye Mungu.

Tena kila mwendo una shabaha. Mshale hauna akili, lakini wampata mnyama kwa sababu mwindaji ameulenga. Vivyo hivyo Mungu aviongoza viumbe visivyo na akili. Mtu ana akili na hiari: aweza kuijua shabaha yake, yaani kumwona Mungu, akaifuata au akaiacha.

Basi fadhila ni tabia iliyokaa moyoni, impayo mtu wepesi wa kutenda mema. Busara, haki, nguvu na kiasi twazizoea kwa kutenda, kama mtoto wa mvuvi wa Kasenyi azoeavyo kasia kwa kuvuta kasia kila siku. Imani, matumaini na mapendo humiminwa moyoni na Mungu mwenyewe.

Hasira nayo ni mwendo wa moyo. Thomas hakusema kila hasira ni dhambi. Alisema yapasa iongozwe na akili. Neno hili latugusa sana. Hapa Nyakasanza, mwezi wa Mei 2003, mapadre wawili na watu waliokimbilia parokiani waliuawa. Aliyefiwa ana haki ya kudai hukumu. Lakini hasira ikikosa kiongozi, humwangukia hata jirani asiye na kosa, kwa sababu ya kabila lake tu.

Tumtazame Mwenye Heri Anuarite, mzaliwa wa Wamba, mtawa wa Jamaa Takatifu wa Bafwabaka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, mkubwa mmoja wa waasi Simba alitaka kumtwaa kwa nguvu. Alikataa, akamsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Msamaha ule haukuzaliwa usiku ule. Miaka ya sala na utumishi ilikuwa imekwisha kuuelekeza moyo wake.

Mtakatifu Thomas alifariki tarehe 7 Machi 1274, akiwa safarini kwenda kwenye mkutano mkuu wa maaskofu mjini Lyon. Lyon hakufika, shabaha yake tunaamini aliifikia.

Tukumbuke:

Swali: Fadhila ni nini?
Jibu: Ni tabia iliyokaa moyoni, ituelekezayo kutenda mema.

Swali: Twaipataje nguvu ya kusamehe siku ya taabu?
Jibu: Kwa kuomba neema ya Mungu, na kusamehe makosa madogo kila siku.