Mgeni, Nyumba na Jembe: Chama cha Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi Mjini London na Mafunzo Yake kwa Vyama vya Wanafunzi Wetu

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mgeni ni kuku mweupe. Hawakuwa na maana kwamba mgeni ni bora kuliko wenyeji, bali kwamba kila apitapo huonekana, apende asipende. Mwanafunzi aiachaye nchi yake kwenda kusoma katika nchi nyingine ni kuku mweupe wa namna hiyo. Huonekana ofisini anapotoa pasipoti yake, huonekana darasani anapotamka neno, huonekana mlangoni anapotafuta chumba cha kupanga. Ajabu ni kwamba mtu huyo aonekanaye kila mahali haonekani kabisa katika mabaraza ambamo mambo yake huamuliwa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali moja: chama cha wanafunzi chaweza kumsaidiaje ipasavyo mwanafunzi aliyetoka nchi nyingine? Wengi hulijibu swali hili kwa kutaja orodha ya fadhila. Mimi nimeona yafaa tulijibu kwa kuitazama historia, kwani wapo Waafrika waliokumbana nalo yapata miaka mia moja iliyopita, nao wakalijibu kwa vitendo.

Kabla ya kuingia katika historia hiyo, msomaji aniwie radhi nieleze jinsi nilivyoifikia. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, nilipokewa vizuri na chama cha wanafunzi cha chuo nilichokwenda. Siku ya kwanza nilipewa mfuko wa kitambaa, kalamu na ramani ya mji, na kijana mmoja mchangamfu akaniambia kwamba mlango wa chama u wazi wakati wote. Ulipofika mwezi wa Disemba tangazo likabandikwa ubaoni: bweni litafungwa kwa likizo, kila mkazi aondoke na mizigo yake, funguo zirudishwe kabla ya saa sita mchana. Wenzangu wenyeji walikwenda makwao. Mimi nauli ya kurudi kwetu ilizidi posho yangu ya miezi mitatu. Nikauendea ule mlango ulio wazi, nikaukuta umefungwa, kwa kuwa viongozi wa chama nao walikuwa na makwao. Aliyenisetiri ni mwanafunzi mmoja wa Ghana, ambaye alikuwa na daftari dogo lenye majina ya Waafrika waliopanga nyumba mjini, na mbele ya kila jina idadi ya watu ambao mwenye jina angeweza kuwalaza sakafuni. Nilikaa majuma matatu juu ya godoro la kukunja. Nilipomwuliza ni nani aliyebuni utaratibu ule, alicheka, akasema kwamba ni mambo ya tangu enzi za babu zao waliokwenda London. Ndipo nilipoanza kuwatafuta babu hao.

Asili ya WASU

Katika miaka ya 1920 wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa Uingereza walikuwa wachache, na wengi wao walitoka katika makoloni ya Afrika ya Magharibi: Nigeria, Pwani ya Dhahabu (ambayo leo ni Ghana), Sierra Leone na Gambia. Wengi walisomea sheria au udaktari. Mmoja wao alikuwa Ladipo Solanke, Myoruba wa Abeokuta, aliyefika Uingereza mwaka 1922 kusomea sheria. Fedha zilimpungukia, hata akalazimika kufundisha Kiyoruba katika Chuo cha Taaluma za Mashariki mjini London. Sisi tufundishao lugha za Kiafrika tunayo haki ya kumhesabu kuwa mmoja wetu.

Mwaka 1924 palifanyika maonyesho makubwa ya Dola ya Kiingereza huko Wembley, na magazeti yakaandika habari za kuwadhalilisha Waafrika. Solanke aliandika kulalamika. Katika mwaka huo huo, akishirikiana na Amy Ashwood Garvey, aliunda chama cha maendeleo cha Wanigeria. Baadaye alitambua kwamba chama cha koloni moja hakingetosha. Mwezi wa Agosti 1925, kwa kuhimizwa na Dakta Herbert Bankole-Bright wa Sierra Leone, wanafunzi walikutana na kuunda Chama cha Wanafunzi wa Afrika ya Magharibi, ambacho kilijulikana kwa jina la WASU. J. B. Danquah wa Pwani ya Dhahabu akawa rais wa kwanza, na Solanke akawa katibu mkuu. Mwaka 1926 chama kilianza kuchapisha jarida lake.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba wanafunzi hawa hawakungoja kualikwa na chama cha wenyeji. Waliona kwamba mwenye kidonda ndiye ajuaye maumivu, wakajiundia chombo chao.

Suala la Nyumba

Kati ya matatizo yote ya mwanafunzi Mwafrika mjini London, hakuna lililomdhili kama malazi. Wenye nyumba wengi walimfungia mlango kwa sababu ya rangi yake. Hali hiyo haikuwa ya Waafrika wa Magharibi pekee. Harold Moody, aliyetoka Jamaika mwaka 1904 kuja kusomea udaktari, alitaabika vivyo hivyo kutafuta chumba, na mwaka 1931 akaunda jumuiya ya kutetea haki za watu weusi.

Kwa hiyo WASU iliweka nia ya kupata nyumba yake yenyewe. Mwaka 1928 Marcus Garvey aliipatia chama nyumba kwa muda wa mwaka mmoja. Muda ulipokwisha, Solanke alifunga safari ya kurudi Afrika ya Magharibi. Tangu mwaka 1929 hadi 1932 alizunguka mji baada ya mji akichangisha fedha na kufungua matawi. Waliochanga walikuwa machifu, mawakili, wafanya biashara na watu wa kawaida ambao hawakutarajia kuiona London maishani mwao. Mwaka 1933 nyumba ikafunguliwa katika mtaa wa Camden Town. Opeolu, mke wa Solanke, ndiye aliyekuwa mlezi wake. Mgeni aliyeshuka melini akiwa hana mwenyeji alipata kitanda, chakula cha kwao, magazeti ya kwao, na watu wa kumweleza jinsi mji unavyokwenda.

Tukiangalia kwa makini tutaona kwamba nyumba hiyo ilikuwa zaidi ya malazi. Mtu anayehangaika kutafuta pa kulala hana nafasi ya kuhudhuria mkutano, wala hathubutu kumpinga mkubwa. Aliyepata pa kulaza ubavu huanza kusema.

Ugomvi wa Aggrey House

Wizara ya Makoloni nayo iliyajua hayo. Maofisa wake walichelea kwamba wanafunzi wenye uchungu wangevutwa na siasa kali, hasa za ukomunisti. Kwa hiyo Wizara ilianzisha mpango wa kufungua nyumba nyingine ya wanafunzi Waafrika, nayo ikafunguliwa mwaka 1934. Iliitwa Aggrey House, kwa kumbukumbu ya Dakta James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu. Jina lilikuwa la Mwafrika mheshimiwa, lakini usimamizi haukuwa mikononi mwa wanafunzi.

WASU ilikataa. Ilitoa kijitabu kilichodai kwamba mpango ule ulikusudiwa kuwatawala wanafunzi, ikawataka wanachama wake waisusie nyumba hiyo, na ikafarakana hata na Moody, ambaye aliiunga mkono. Wako waliowaona Solanke na wenzake kuwa watu wakaidi: mtu anakupa nyumba ya bure, nawe wamkatalia? Shaka hiyo si ya kupuuzwa. Kwa mwanafunzi aliyenyeshewa na mvua ya London, nyumba ni nyumba.

Hata hivyo, hoja ya WASU ilikuwa nzito. Haikukataa msaada; ilikataa msaada unaomwondolea asaidiwaye sauti yake. Matokeo yaliithibitisha hoja hiyo kwa kiasi kikubwa. Miaka michache baadaye Wizara yenyewe ilikubali kuichangia nyumba ya WASU, mwaka 1938 chama kikahamia katika jengo kubwa zaidi huko huko Camden, na Aggrey House ikafungwa mwaka 1940. Chama kilipokea fedha za mkubwa, lakini baada ya kusimama kwa miguu yake.

Matunda na Kasoro

Mwezi wa Agosti 1941 Clement Attlee, aliyekuwa waziri katika serikali ya Churchill, aliwahutubia wanafunzi wa WASU na kusema kwamba misingi ya Mkataba wa Atlantiki iliwahusu watu wa mataifa yote. Mwezi uliofuata Churchill alilieleza Bunge kwamba mkataba huo uliyakusudia kwanza mataifa ya Ulaya yaliyotekwa. Mwaka 1942 WASU ikadai makoloni ya Afrika ya Magharibi yapewe serikali ya ndani mara moja, na uhuru kamili miaka mitano baada ya vita. Kwame Nkrumah alipofika London mwaka 1945 akawa makamu wa rais wa chama hiki. Mwaka huo huo yeye na Jomo Kenyatta walishiriki katika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika huko Manchester.

Lakini tusiwafanye watu hawa malaika. Chama kilisumbuliwa na magomvi ya uongozi, na Solanke, ambaye alikaa katika uongozi kwa muda mrefu, hatimaye alisukumwa kando na kizazi kipya. Alifariki mwaka 1958. Tena jina la chama lenyewe lilikuwa na mpaka: Mwafrika wa Mashariki angeweza kukaribishwa chai, ila chama hakikuwa chake. Nao wanawake, ambao kazi yao ndiyo iliyoiweka nyumba hai, hawakutajwa sana katika kumbukumbu za mikutano.

Upande wa Afrika ya Mashariki

Sisi nasi tumekuwa wageni na wenyeji kwa zamu. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya iliwachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani, na hadi mwaka 1963 mamia waliwafuata. Baina ya 1963 na 1970, Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilikuwa kimoja chenye sehemu tatu: Mkenya aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka udaktari akaenda Makerere, na Mtanzania aliyetaka uhandisi akaja Nairobi.

Huko Dar es Salaam ndiko tunakopata mfano unaofanana na WASU. Mwaka 1967 wanafunzi wenye siasa za kimapinduzi waliunda umoja ulioitwa USARF, uliowajumuisha wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika. Mwenyekiti wake alikuwa mgeni, Yoweri Museveni wa Uganda, na jarida lao liliitwa Cheche. Umoja huo ulipigwa marufuku mwaka 1970. Hata ukiwa na maisha mafupi, ulionyesha kwamba mgeni aweza kupewa usukani na wenyeji wasizame.

Mafunzo kwa Vyama Vyetu

Siku hizi vyuo vikuu vya Kenya vina wanafunzi kutoka Sudan ya Kusini, Somalia, Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko, na baadhi yao ni wakimbizi. Kutokana na historia tuliyoieleza, naona mambo manne yanayofaa kufanywa na vyama vya wanafunzi.

Kwanza, mgeni awe na kiti. Wageni ni wachache, na kura zao haziwezi kumshinda mgombea yeyote mwenyeji. Kwa hiyo katiba ya chama iwatengee nafasi katika baraza, na anayeishika achaguliwe na wageni wenyewe, asiteuliwe na mwenyekiti. Hilo ndilo fundisho la Aggrey House.

Pili, chama kishughulikie likizo kabla ya sherehe. Karamu ya kuwakaribisha wageni ni jambo jema, lakini shida hutokea miezi mitatu baadaye, mabweni yanapofungwa. Chama kikubaliane na uongozi wa chuo kwamba bweni moja libaki wazi, na kiwe na daftari la wenyeji walio tayari kumpokea mwenzao. Daftari halihitaji bajeti.

Tatu, chama kiwe na mtu anayezijua taratibu za kibali cha kusoma, tarehe zake na malipo yake, ili mwanafunzi asijikute amevunja sheria kwa kutojua.

Nne, lugha. Mgeni asiyejua Kiswahili hutozwa zaidi sokoni, hashiriki mzaha wa wenzake, na hulisaini karatasi ya mwenye nyumba bila kuuliza. Idara za lugha, pamoja na hii yetu, zaweza kushirikiana na vyama kuendesha masomo ya jioni. Solanke alifundisha lugha yake ili apate kula. Sisi twaweza kufundisha yetu ili mgeni apate kusema.

Hitimisho

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumhimiza mgeni asizidishe kukaa. Nadhani ina maana nyingine vilevile. Anayepewa jembe huonyeshwa na shamba. Kuanzia siku hiyo ana sehemu katika mavuno, na ana haki ya kusema lini tupande. Vyama vyetu vimekuwa hodari wa siku mbili za kwanza.

Lipo jambo moja la mwisho ambalo ningependa kuwaachia watafiti wenzangu. Wale waliovuka mipaka kusoma Nairobi, Makerere na Dar es Salaam katika miaka ya 1960 sasa ni wazee sana. Wanajua ni nani aliyewapokea, walilala wapi wakati wa likizo, na chama kiliwafanyia nini au hakikuwafanyia nini. Yafaa habari hizo zikusanywe kwa vinywa vyao wenyewe, na zikusanywe mapema.