Mbwa Waongozaji wa Wasioona: Kazi ya Vyama vya Watumiaji na Hukumu za Kisharia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Maswahaba zake.

Familia nyingi za visiwani zina jamaa Uingereza, Marekani na kwengineko. Huko Muislamu asiyeona anaweza kupewa mbwa aliyefundishwa kumwongoza njiani. Habari ikifika nyumbani, wengi hustuka: vipi mtu wa swala akae na mbwa? Makala hii inaeleza mbwa huyo ni wa aina gani, vyama vya watumiaji wake vinadai nini, na wanavyuoni wamesema nini.

MBWA HUYU ANAFANYA NINI?

Skuli ya mwanzo ya mbwa waongozaji ilifunguliwa Ujerumani mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Marekani ikafuata mwaka 1929 kwa skuli ya The Seeing Eye. Uingereza mbwa wa mwanzo walianza kazi mwaka 1931.

Mbwa hajui mtu wake anakwenda wapi. Anayejua njia ni mtu mwenyewe; yeye ndiye anayetoa amri ya kwenda kulia, kushoto au mbele. Kazi ya mbwa ni kukwepa mashimo na nguzo, kusimama kwenye ukingo wa barabara, na kukataa amri pale gari inapokuja. Akiwa amevaa mkanda wake wenye mpini yuko kazini. Haifai kumwita, kumshika wala kumpa chakula, kwani akisahau kazi yake anayeumia ni mtu.

VYAMA VINADAI NINI?

Watumiaji wa mbwa hawa wameunda vyama vyao. Marekani kipo Guide Dog Users, Inc., chenye vikundi katika majimbo mbalimbali. Wanachama huwashauri wenzao, huwafundisha wenye maduka, mikahawa na teksi, na humsaidia mwenzao aliyekataliwa mlangoni kupeleka malalamiko yake panapohusika.

Wana sheria ya kusimamia. Marekani ipo sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Pale ambapo haijulikani mbwa ni wa kazi gani, mfanyakazi wa duka anaruhusiwa kuuliza mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani?

Uingereza, chini ya sheria ya usawa ya mwaka 2010, dereva wa teksi lazima ampakie asiyeona pamoja na mbwa wake bila ya kumzidishia nauli. Anayekataa anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000, isipokuwa awe na cheti cha msamaha kwa sababu ya afya. Jambo hili linatugusa, kwani wamo ndugu zetu wanaotafuta rizki kwa kuendesha teksi huko.

WANAVYUONI WANASEMAJE?

Yapo masuala mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kufuga. Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) ametahadharisha kuwa anayefuga mbwa hupungukiwa na ujira wake kila siku, lakini akawatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Imam An-Nawawi ameona kuwa rai sahihi zaidi ni kujuzu pia mbwa wa kulinda nyumba, kwa kukisia juu ya hao kwa sababu ya haja. Kwa njia hiyo hiyo wanavyuoni wa zama hizi wamemjuzisha mbwa wa asiyeona, kwani haja ya mtu kuvuka barabara salama si ndogo kuliko haja ya kulinda mbuzi.

La pili ni najisi. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi visiwani, mbwa mzima ni najisi. Kilichoguswa naye pakiwa na umajimaji huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Vikigusana vikavu kwa vikavu, najisi haihami. Mahanafi wanaona najisi ni mate yake, na Malik ameona mbwa aliye hai ni twahara.

Basi kujuzu kufuga hakuondoi wajibu wa kujitwaharisha, na wajibu wa kujitwaharisha hauharamishi msaada.

MSIKITINI JE?

Mwaka 2008, mjini Leicester, Uingereza, kijana asiyeona aliruhusiwa kufika msikitini na mbwa wake, baada ya shirika la mbwa waongozaji kushauriana na Baraza la Sharia la Waislamu wa Uingereza. Mbwa hakuingia sehemu ya kusalia. Alitengewa pahala pa kupumzika, na kijana akaingia kuswali na wenzake. Msikiti ukabaki safi na mwenye swala hakurudishwa.

Tukumbuke Ibn Ummi Maktum (Radhiya Allahu 'anhu), kipofu aliyemwendea Mtume akieleza kuwa hana mtu wa kumwongoza msikitini. Aliulizwa kama anaisikia adhana. Alipokubali, akaambiwa aiitikie.

NASAHA KWA FAMILIA

Mwenye jamaa anayetumia mbwa huyu amtengee mbwa pahala pake, aweke mbali miswala na nguo za kuswalia, na ajue namna ya kuosha kilichorowa. Dereva anaweza kutandika kitambaa chini, kwani mbwa hulala miguuni pa mtu wake. Kamati ya msikiti itayarishe kona nje ya sehemu ya kusalia, na mtu wa kumshika mkono mgeni hadi safuni.

Na sisi ambao vipofu wetu hutembea kwa fimbo nyeupe au kwa mkono wa mtoto, tujiulize: adhana ikiadhiniwa, nani anampitia jirani yetu asiyeona?

Wallahu A'alam.