Ngazi ya 5: skrini ya Linux na namba zake

Katika miaka ya 1990, fundi aliyeandika init 5 kwenye Solaris alikuwa anaizima mashine. Amri hiyo hiyo kwenye Red Hat Linux ilimletea madirisha na kishale cha kipanya. Mifumo yote miwili ilirithi namba hizo za ngazi za uendeshaji (runlevel) kutoka Unix System V, iliyotolewa na AT&T mwaka 1983, lakini System V haikuamuru kwamba 5 ni picha. Yalikuwa mazoea ya baadhi ya matoleo ya Linux. Debian, toleo jingine la Linux, iliziacha ngazi 2 mpaka 5 zote zifanane.

Kerneli ikishaamka huanzisha programu moja, init, nayo huanzisha nyingine zote. Katika sysvinit, ambayo Miquel van Smoorenburg aliiandikia Linux, maelekezo yake yalikaa kwenye faili la /etc/inittab: 0 ya kuzima, 1 ya fundi peke yake, 6 ya kuwasha upya. Faili lenyewe lilionya kwamba 0 na 6 zisiwekwe kuwa ngazi ya kuanzia. Aliyepuuza akaweka 6 alipata kompyuta inayojiwasha upya bila kikomo.

Picha zilitoka kwingine. X Window System ilianza MIT mwaka 1984, na toleo la X11 likatoka 1987. Kwa kerneli, X ni programu kama nyingine: ikianguka, mashine inabaki hai. Red Hat ilifanya ngazi ya 3 kuwa ya maandishi na ya 5 kuwa ya picha, kisha ikaiagiza init ifufue ukurasa wa kuingilia kila unapokufa. Ctrl, Alt na Backspace zikibonyezwa pamoja ziliiua X, skrini ikazimika na kurudi ikiwa mpya, ingawa kazi ambayo haikuhifadhiwa ilipotea. Kadi ya picha ikisanidiwa vibaya, X ilikufa, ikafufuliwa, ikafa tena, mpaka init ikachoka na kuiweka kando kwa dakika 5. Fundi mzoefu alizitumia dakika hizo kubadilisha 5 kuwa 3 katika inittab, akapata utulivu wa kutafuta kosa.

Ubuntu 9.04 ya mwaka 2009 ilitoka na mchanganyiko huo wa vitufe umefungwa. Wageni walinusurika ajali. Wazee wa Unix walinung'unika, na nadhani walikuwa na haki.

Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers wakaleta systemd ichukue nafasi ya init ya zamani, na namba zikapisha majina. Anayetaka maandishi tu huandika systemctl set-default multi-user.target, anayetaka picha huweka graphical.target. Kuanzisha skrini upya ni systemctl restart display-manager. Mabadiliko hayo yaligawa watu vibaya, hata baadhi ya wana-Debian wakajitenga na kuunda Devuan. Hata hivyo runlevel5.target ilibakizwa ndani ya systemd, kwa ajili ya waliozoea, mpaka ilipoondolewa mwaka 2025.

Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 ili ichukue nafasi ya X, imebadilisha hesabu. Chini ya X, mtumiaji wa eneo-kazi la GNOME aliweza kubonyeza Alt na F2, akaandika r, na madirisha yake yakabaki, kwa kuwa yalishikwa na seva ya X. Katika Wayland programu inayopanga madirisha ndiyo seva yenyewe, na ikianguka, kwa kawaida huanguka na vyote vilivyo wazi. Eneo-kazi la KDE Plasma 6 la mwaka 2024 limeanza kulitibu hilo: programu zilizojengwa kwa maktaba ya Qt zinaweza kusubiri seva irudi, kisha zikaungana nayo upya.