Nani Alipumzika Kando ya Ziwa Kivu?

Bukavu imekaa juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake haina joto la Kinshasa wala la Uvira. Wabelgiji walianzisha kituo chao hapa mwaka 1901, wakati Wajerumani walikuwa wakitawala ng'ambo ya Mto Ruzizi. Kituo kile cha mpakani kikaja kuitwa Costermansville, kwa jina la Paul Costermans, kiongozi wa kikoloni, na pole pole kikageuka mahali pa kupumzikia.

Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, ikapewa uwezo wa kuwagawia walowezi ardhi. Vilima vya Bashi, wenyeji wa hapa, vikavikwa kahawa, chai na kwinini. Wenye mashamba wakajenga nyumba kandokando ya maji, hoteli zikafunguliwa, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia za Wazungu zilikuja kutoka sehemu nyingine za koloni kukimbia joto. Waliipenda Kivu hata wakaiita Uswisi ya Afrika.

Ziwa lenyewe liliwapa sababu. Volkano za Virunga ziliziba njia ya zamani ya maji kuelekea kaskazini, na leo maji hutoka kusini, hapa hapa Bukavu, kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Kivu inajulikana kwa kutokuwa na mamba. Mzazi anayemtazama mtoto wake akiogelea hana hofu ya mamba, na hilo ni jambo kubwa katika Afrika ya maziwa.

Lakini mtoto wa nani? Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi. Weusi walipangiwa Kadutu, juu mlimani, na katika miaka ya 1950 Office des Cités Africaines ikajenga Bagira, mbali zaidi na rasi zile. Usiku, Mwafrika asiye na kibali hakuruhusiwa kutembea katika mtaa wa Wazungu. Mpishi na mfuaji walishuka asubuhi kuwahudumia watu waliokuwa likizoni, jioni wakapanda mlima kurudi kwao. Mgeni aliweza kumaliza wiki nzima ufukoni bila kuketi hata mara moja katika nyumba ya Mshi na kula chakula chake. Hiyo ndiyo kasoro ya msingi ya likizo ile, na naamini athari yake haijatutoka hadi leo.

Uhuru wa 1960 ulifungua njia ya kushuka ziwani, ila amani haikudumu. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, na vita vya kuwatoa viliuharibu vibaya.

Utalii ulipofufuka, ulifufuka msituni. Mwaka 1970 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, takriban kilomita 30 kutoka mjini, kwa juhudi za Adrien Deschryver, Mbelgiji aliyewazoesha gorila kukaa karibu na binadamu bila kukimbia. Sasa Bukavu ikawa na kitu ambacho miji mingi haikuwa nacho: asubuhi gorila, alasiri maji ya ziwa. Noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991 ilibeba picha ya gorila, na UNESCO ilikwisha kuiingiza hifadhi hiyo katika Urithi wa Dunia mwaka 1980.

Fahari hiyo ililipiwa na Batwa. Walikuwa wakiishi katika msitu ule kabla ya mipaka yake kuchorwa, nao wakafukuzwa, hasa hifadhi ilipopanuliwa mwaka 1975. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024, ulisema wazi kwamba haki zao zilivunjwa. Anayepeleka familia yake Kahuzi awaeleze watoto habari hiyo pia. Walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuwakaribia gorila, lakini masikio yao yako tayari kwa historia.

Kisha vikaja vita vya 1996, 2004 na Februari 2025, ambavyo kila familia ya Bukavu inavijua bila kuelezwa. Wageni wa mbali walipungua, na ufuko ukabaki kwa wenyeji wenyewe.

Na wenyeji wana mengi. Kuna sambaza wa kukaanga, samaki walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao leo Kivu haiwezi kufikiriwa bila wao. Jioni wavuvi hutoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka. Iko Idjwi, kisiwa kikubwa chenye mananasi na wami wake wawili, watawala wa jadi wa kaskazini na wa kusini. Iko Lwiro, kituo cha utafiti kilichozaliwa na IRSAC, taasisi ya sayansi ya mwaka 1947. Atakayevuka ziwa asipande boti iliyosheheni, wala asikubali kukaa bila jaketi la kuokolea: Oktoba 2024 boti iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu na Goma ikaua watu wengi.

Kinachokosekana ni pa kushukia. Rasi zetu zimezungushiwa kuta, na nyumba zinazidi kusogea hadi kwenye maji. Mtoto wa Kadutu analiona ziwa kila siku, ila kuligusa ni lazima alipe au apitie bandarini. Wanaoongoza mji na jimbo watenge ufuko mmoja wa umma, wenye choo, kivuli na mwokoaji, wauandikie hati isiyouzika. Na sisi wazazi, tukienda ziwani Jumapili, tumchukue na bibi, awasimulie wajukuu kwa Mashi, lugha ya Bashi, jinsi watu walivyoishi hapa kabla ya kuta hizo.