Wasia wa Tabibu: Funzo Kutoka kwa Ibn al-Nafis



Wengi tunamjua Ibn al-Nafis, tabibu aliyeeleza mwaka 1242 namna damu inavyopita kwenye mapafu kabla ya kurudi moyoni. Wachache tunajua aliachaje mali yake. Alitoka Sham akafanya kazi Misri, na alikuwa pia mwanachuoni wa fiqhi ya Kishafi, madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki. Alipofariki Cairo mwaka 1288 (687 H), nyumba na vitabu vyake vilikwenda kwa hospitali ya Sultani Qalawun, kwa wasia wake mwenyewe.

Wasia una mipaka. Swahaba Sa'd bin Abi Waqqas alipougua Makka, Mtume (S.A.W.) alimfundisha kuwa usizidi theluthi, kwani kuwaacha warithi wakijiweza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Deni hulipwa kwanza, kisha wasia, kisha mirathi hugawanywa.

Madaktari wetu leo wana zahanati, vifaa na mikopo ya benki. Kila siku wanayaona mauti ya wengine, lakini yao huyaahirisha. Daktari akiondoka ghafla bila maandishi, mjane hajui nani anadai na nani anadaiwa, na ndugu hugombana kaburi likiwa bado bichi.

Basi tuandike wasia na madeni yetu tukiwa wazima, mbele ya mashahidi wawili waadilifu, na familia ijue karatasi iko wapi.

Wabillahi tawfiq.